Barua ya wazi kwa bodi za zabuni za hospitali zetu: mnanunua ncha zisizonata, sisi tunazikwangua kwa msasa

Ndugu wajumbe wa bodi za zabuni, maafisa ununuzi na waganga wafawidhi,

Nawaandikia kuhusu kifaa kisichozidi urefu wa kidole, ambacho kwenye orodha zenu za mahitaji hupewa mstari mmoja tu: ncha za kalamu ya daiathemi. Siku hizi mstari huo mara nyingi huongezewa maneno "zenye mpako usionata", na bei nayo hupanda kwa sababu ya maneno hayo matatu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Ncha hizo nazikabidhi mkononi mwa daktari, nazipokea zikiwa na damu, nazipeleka kwenye usafishaji, na kesho yake nazikuta tena mezani. Ninachotaka kuwaambia ni hiki: mpako huo mnaulipia, lakini kwa namna tunavyonunua na kutunza, mgonjwa wa kwanza anaupata nusu na wa pili haupati kabisa.

Niruhusuni nianze na kinachotokea mezani, maana wengi wenu hamjapata nafasi ya kusimama pale, na hati ya zabuni haielezi.

Kalamu ya daiathemi hupitisha umeme wa masafa ya juu, mamia ya maelfu ya mizunguko kwa sekunde, kutoka kwenye ncha kuingia mwilini, kisha umeme hurudi kwenye mashine kupitia pleti pana iliyobandikwa pajani mwa mgonjwa. Umeme ni uleule, ila kwenye pleti umetawanyika na kwenye ncha umebanwa mahali padogo sana. Ndiyo maana joto huzuka nchani tu. Nyama ikifika nyuzi 60 hivi, protini zake huganda na mshipa mdogo huziba. Ikifika nyuzi 100, maji yaliyomo ndani ya seli huchemka, seli hupasuka, na hapo ndipo daktari anakata. Ikipita nyuzi 200 inaungua na kuwa mkaa. Damu na nyama iliyoungua hung'ang'ania chuma, zikajenga ukoko mweusi kwenye ncha.

Ukoko huo haupitishi umeme vizuri. Daktari anagusa mshipa, mshipa hauzibi, naye anasema, "Sista, ongeza." Mwenzangu aliye kwenye mashine anapandisha wati kutoka 30 hadi 40, baadaye kidogo 45. Umeme sasa unatafuta upenyo, unaruka kwa cheche pale ukoko ulipopasuka, na kuunguza eneo kubwa kuliko lililokusudiwa. Moshi unaongezeka, na moshi huo tunauvuta sote tuliozunguka meza. Baya zaidi ni ncha kunata kwenye mshipa uliokwisha kuzibwa. Daktari anapoivuta, anaondoka na ule mgando. Mshipa unafunguka upya na damu inaanza kutoka palepale ilipokuwa imekoma. Kwenye paja la mtu mzima huo ni usumbufu wa dakika moja. Kwenye tezi ya shingo, jirani kabisa na neva ya sauti, au kwenye koo la mtoto anayetolewa tonsili, ni jambo zito.

Na kuna moto. Kipande cha ukoko kinaweza kuchomoka kikiwa bado kinawaka. Mgonjwa anayefanyiwa upasuaji wa uso au mdomo huku akivuta oksijeni, au mwenye ngozi iliyopakwa dawa yenye spiriti ambayo haijakauka, hahitaji cheche kubwa ili aungue.

Kwa hiyo ncha isiyonata ni wazo jema, nami nalitetea kwa moyo wote. Historia yake ina mikondo miwili. Tarehe 1 Oktoba 1926, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, daktari Harvey Cushing alitumia mashine iliyobuniwa na William Bovie kuondoa uvimbe wa kichwani uliojaa mishipa ya damu, uvimbe ambao siku chache kabla ulimshinda kwa sababu ya damu kutoka. Tangu siku hiyo madaktari wana chombo kinachokata na kuziba kwa pamoja, na wana ukoko. Miaka 11 na nusu baadaye, tarehe 6 Aprili 1938, mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont alifungua mtungi wa gesi uliogoma kutoa gesi, akakuta ndani unga mweupe wenye utelezi ambao karibu hakuna kitu kinachonata juu yake. Ndiyo politetrafluoroethilini, ambayo dunia inaijua kwa jina la Teflon. Kwenye kikaango iliingia Ufaransa katika miaka ya 1950. Kwenye ncha ya daiathemi ilichelewa hadi miaka ya 1980.

Ilichelewa kwa sababu ya swali ambalo nawaomba mlishike vizuri, kwani linahusu kazi yenu moja kwa moja. Teflon haipitishi umeme. Ndiyo hiyohiyo inayofunika baadhi ya nyaya. Sasa ncha iliyopakwa Teflon inakataje? Jibu ni kwamba mpako ukiwa mwembamba wa kutosha, umeme wa masafa ya juu huuvuka. Unene ndio ufundi wote. Mpako mzito unazuia kazi, na mwembamba kupita kiasi unachakaa kabla ya upasuaji kwisha. Wapo wanaotumia silikoni badala ya Teflon, na kila mmoja ana namna yake ya kuuandaa uso wa chuma ili mpako ushike. Ncha mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho, moja ikadumu upasuaji mzima na nyingine ikaanza kuchubuka tumbo halijafunguliwa vizuri. Mzabuni akiandika "mpako usionata" na kuishia hapo, hajawaambia chochote.

Teflon ina mpaka wake pia. Huvumilia joto la kazi la hadi nyuzi 260 hivi, na huyeyuka karibu na 327. Cheche ya daiathemi, pale inaporuka, ni kali kuliko hapo. Ndiyo maana mpako huanza kuliwa kwenye makali ya ncha, na ndiyo maana maelekezo ya watengenezaji wengi husema ncha za aina hii zitumiwe kwa wati za chini. Daktari aliyezoea ncha ya kawaida, akiendelea na wati zilezile, anauchoma mpako mwenyewe pasipo kujua. Karatasi yenye maelekezo hayo imo ndani ya boksi. Boksi linabaki stoo. Ncha moja moja ndizo zinazofika kwetu.

Sasa msasa. Kwenye pakiti nyingi za kalamu za daiathemi huwemo kipande kidogo cha msasa chenye gundi nyuma, cha kubandika kwenye shuka la kijani karibu na mkono wa daktari. Kwa ncha ya chuma kitupu, kazi yake inaeleweka: ukoko ukijaa, unakwangua, unaendelea. Lakini msasa huohuo tunautumia kwa ncha zenye mpako. Nendeni siku moja mkaangalie ncha ya namna hiyo chini ya taa ya upasuaji. Ikiwa mpya ina uso laini usio na alama. Ikishapitishwa kwenye msasa mara chache, utaona mstari mwembamba unaong'aa kwenye ukingo: hicho ni chuma kimetokeza. Baada ya upasuaji mmoja mrefu ule mstari umekuwa ukanda, na kwenye ukanda huo kuna mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, kila mkwaruzo ukiwa na damu nyeusi ndani yake. Uso uliokwaruzwa hunasa ukoko kwa urahisi kuliko chuma laini kisichopakwa chochote. Yaani tumelipa zaidi tukapata ncha inayonata zaidi.

Mwongozo wa chama cha wauguzi wa upasuaji cha Marekani, AORN, hautatanishi: ncha yenye mpako isafishwe kwa sponji lenye unyevu au kitambaa cha kufutia vifaa, na msasa uachiwe ncha isiyo na mpako. Gozi iliyoloweshwa maji yaliyotakaswa, ikakaa kwenye kibakuli pembeni ya kalamu, inatosha. Gozi tunayo. Maji tunayo. Kinachokosekana ni mtu kusema mapema, kabla vifaa havijafika, kwamba ncha hizi zinakuja na msasa usije.

Baada ya upasuaji ncha inaingia kwenye ndoo. Wenzetu wa usafishaji wamefundishwa kwa miaka mingi kuloweka kila kifaa kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, na siwalaumu hata kidogo. Ndiyo elimu waliyopewa, na waliipokea kwa nia ya kulinda mikono yao. Lakini mwongozo wa kusafisha na kutakasa vifaa tiba uliotolewa mwaka 2016 na Shirika la Afya Duniani pamoja na tawi lake la Amerika, PAHO, unasema vifaa visilowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuoshwa, kwa kuwa damu hupunguza nguvu ya dawa na klorini hula chuma. Kwa mkasi mzuri hilo lina maana ya vishimo vya kutu kwenye makali. Kwa ncha yenye mpako ni baya zaidi, maana klorini hupenya pale mpako ulipochubuka, ikala chuma chini yake, na mpako uliobaki ukaanza kuinuka. Kisha inakuja brashi ngumu. Mvuke wa nyuzi 134 unaofuata wala si adui wa Teflon. Ncha inapofika kwenye otoklevu, kazi ya kuiharibu imekwisha kufanyika.

Na sasa jambo ambalo sote tunalijua na hatupendi kuliandika. Chukueni pakiti ya ncha hizo mtazame alama zake. Mara nyingi mtaona tarakimu 2 ndani ya duara, imekatwa kwa mstari. Maana yake ni kwamba isitumike mara ya pili. Sisi tunaitumia mara ya pili, na ya tano, na hadi kola yake ya plastiki ipasuke. Hiyo kola ndiyo inayozuia umeme usifike kwenye kidole cha daktari au kwenye mdomo wa mgonjwa. Tunafanya hivyo kwa sababu boksi lililoletwa ni la wagonjwa wachache na orodha ya upasuaji ni ya wagonjwa wengi. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua kwa upasuaji hawezi kuambiwa asubiri zabuni ijayo. Nitaendelea kuitumia ncha niliyonayo, na muuguzi yeyote mwenye utu angefanya vivyo hivyo. Ninachokataa ni kuendelea kujifanya kwamba ile bado ni ncha isiyonata.

Nisije nikawatia watu hofu isiyo na msingi: chembe za Teflon zinazobanduka kwenye ncha hizo zenyewe si sumu mwilini kwa maana ya kawaida. Teflon iliyovutwa na kuwa kama kitambaa hutumika kutengeneza mishipa bandia ya damu, na watu wanaishi nayo miaka. Hata hivyo, kipande cha kitu kigeni ambacho daktari hakukusudia kukiacha tumboni hakina ruhusa ya kuwamo humo, kiwe cha nini.

Kwa hesabu ya fedha, tatizo linaonekana wazi zaidi. Tuseme ncha yenye mpako ya kutumika mara moja ni shilingi 8,000 na ncha ya chuma kitupu, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutakaswa na kurudiwa, ni shilingi 20,000. Namba hizi ni za mfano tu, wekeni zenu. Anayelinganisha bei ya kimoja kwa kimoja atachagua ya 8,000 na kuona ameokoa fedha za umma. Lakini ya 20,000 ikitumika kwa wagonjwa 50 ni shilingi 400 kwa mgonjwa, tena kwa njia ambayo mtengenezaji mwenyewe ameiruhusu. Ile ya 8,000 ikitumika inavyopaswa ni shilingi 8,000 kwa kila mgonjwa, na ikirudiwa ni kifaa kilichoharibika kinachoingia mwilini mwa mtu.

Hivyo, pale ambapo hospitali haiwezi kumpa kila mgonjwa ncha mpya yenye mpako, nunueni ncha za chuma kitupu zenye ruhusa ya kurudiwa, zije na msasa wake, na tuzitumie kwa amani. Hizo zenye mpako wekeni chache, kwa upasuaji unaozihitaji kweli: tonsili, tezi ya shingo, kazi za karibu na neva. Kwa bahati njema shina la ncha nyingi ni la kipenyo kimoja, milimita 2.4, kwa hiyo kalamu hiyohiyo inapokea aina zote mbili. Hakuna mashine mpya ya kununua.

Kwa fosepsi za bipola, yaani koleo ndogo za kuziba mishipa katika upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, nawasihi mwende mbali zaidi. Huko kutonata hakupatikani kwa plastiki pekee. Chuma cha stenlesi hupitisha joto vibaya sana, kwa hiyo joto hukaa nchani na nyama hunata. Madini ya fedha hupitisha joto zaidi ya mara 25 kuliko stenlesi, joto likaondoka kwenye ncha haraka kabla damu haijaungua. Ndiyo sababu kuna fosepsi zenye ncha za fedha, nyingine za dhahabu au mchanganyiko wa nikeli, na nyingi kati ya hizo zimeundwa zitakaswe na kurudiwa. Leonard Malis, aliyeendeleza mashine za bipola huko Marekani tangu miaka ya 1950, alisisitiza pia kudondoshea maji ya chumvi wakati wa kuziba mshipa. Ni dripu ya kawaida na mkono uliotulia. Hospitali yenye fosepsi mbili nzuri za ncha ya fedha, na mtu anayejua kuzifuta bila kuzikwaruza, imepiga hatua kubwa kuliko yenye maboksi kumi ya ncha zenye mpako wa plastiki.

Hapa niseme neno kuhusu dhahabu, maana nimeona likichanganywa kwenye vigezo vya zabuni. Mkasi au kishikio cha sindano chenye mikono ya rangi ya dhahabu hakina mpako usionata. Rangi ile kwenye mikono ni alama kwamba kinywani kimewekewa vipande vya tangsteni kabaidi, kitu kigumu kinachodumu. Ni sifa njema, ila ni sifa nyingine kabisa.

Liko pia suala ambalo litawafikia hata msipolitafuta. Teflon ni mojawapo ya kemikali za kundi la PFAS, zisizooza katika mazingira. PFOA, iliyotumika miaka mingi katika kuitengeneza, iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2019, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Mwaka 2023 Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Sweden na Norway ziliwasilisha pendekezo la kubana kundi zima la PFAS katika Umoja wa Ulaya, na kampuni ya 3M ilikuwa imekwisha kutangaza Desemba 2022 kwamba ingeacha kuzitengeneza kufikia mwisho wa 2025. Mzabuni aulizwe mpako wake ni wa nini, na kama utaendelea kupatikana katika miaka ya mkataba. Swali hilo halina gharama.

Ninayowaomba si mengi. Hati ya zabuni itaje aina ya mpako kwa jina lake, iseme kama ncha ni ya kutumika mara moja au ya kurudiwa, na kama ni ya kurudiwa, ni mara ngapi. Mzabuni alete maelekezo ya kusafisha na kutakasa kama kiwango cha ISO 17664 kinavyomtaka mtengenezaji atoe, na maelekezo hayo yafike kwenye chumba cha upasuaji na kwenye kitengo cha utakasaji, yasibaki kwenye faili la ununuzi. Wekeni tafsiri ya Kiswahili ukutani, juu ya sinki, mahali anapofanyia kazi mtu mwenye brashi. Kabla ya kusaini, ombeni sampuli mtupe tuzijaribu: tuzitumie kwa wati za kawaida, tuzioshe kama tunavyoosha, tuzitakase, kisha tuwaletee mzitazame kwa macho yenu. Kifaa kisichosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kisifike hata kwenye hatua hiyo.

Kubwa kuliko hayo yote, mwekeni muuguzi wa chumba cha upasuaji na mtu wa utakasaji kwenye kamati ya tathmini. Mara nyingi kamati huwa na mhasibu, mfamasia, daktari na afisa ununuzi, na kila mmoja ana haki ya kuwamo. Lakini anayejua ncha ilivyo siku ya pili ni yule anayeiosha.

Bajeti ya mwaka mpya wa fedha inaanza tarehe 1 Julai, na orodha za mahitaji huandaliwa miezi kadhaa kabla. Safari hii, kabla mstari wa ncha za daiathemi haujapitishwa, mwiteni muuguzi wenu aje na ncha moja mpya na moja iliyotumika, aziweke mezani mbele yenu, kisha mwandike vigezo mkiwa mnaziangalia.

Wenu katika kazi,
Muuguzi wa chumba cha upasuaji